Njia ya Nguo Iwe Fupi, Nyepesi na Safi

Mwananchi wa Mbulu au wa Hanang ajifunikaye shuka asubuhi ya baridi ya mwezi Julai huwa amevaa kitu kilichokwisha kusafiri mbali kuliko atakavyosafiri yeye maisha yake yote. Shuka nyingi zinazouzwa katika minada ya Katesh na Haydom zimefumwa kwa nyuzi za viwandani zitokanazo na mafuta ya petroli, zikavuka bahari, zikashushwa bandarini na kupita mikononi mwa wachuuzi wengi kabla ya kufika mlimani. Wakati huo huo, pamba iliyolimwa na Watanzania kwa jasho lao, sehemu yake kubwa, hupakiwa marobota na kuuzwa nje ikiwa haijasokotwa hata uzi mmoja. Pamba na shuka hupishana baharini, na mkulima hulipia safari zote mbili.

Jambo hili limesemwa mara nyingi kwa upande wa fedha za kigeni na ajira. Halijasemwa vya kutosha kwa upande wa ardhi na maji, wala kwa upande wa wepesi wa bidhaa kumfikia mtu anapoihitaji. Njia ipitayo nguo, tangu shambani hadi mwilini mwa mvaaji, ndiyo wataalamu waiitayo mnyororo wa ugavi. Mnyororo huo ukiwa mrefu mno huchelewa, na ukiwa mchafu huharibu nchi. Wananchi wa Mbulu na Hanang wanayo haki ya kuuliza kwa nini wao wauone kwa mwisho wake tu, yaani kwa bei ya mnadani.

Maafa ya Desemba 2023

Tarehe 3 Desemba, 2023, mvua kubwa ilinyesha katika Mlima Hanang. Sehemu ya mlima, yenye miamba laini iliyokuwa imenyonya maji, ikameguka, na tope, mawe na magogo vikateremka juu ya Katesh, Gendabi, Jorodom na maeneo ya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Walionusurika, wengi wao, walibaki na nguo walizokuwa wamevaa.

Maporomoko yale hayakuletwa na kiwanda chochote cha nguo, na asije mtu akasema hivyo. Lakini yalionyesha jambo moja kwa uwazi wa kutisha. Katika saa za kwanza za maafa, pamoja na chakula na dawa, mtu aliyetolewa kwenye tope huhitaji blanketi kavu na nguo ya kubadili. Serikali, mashirika na wananchi kutoka kila pembe ya nchi walijitolea kwa moyo wa udugu unaostahili sifa. Hata hivyo, nchi inayotegemea nguo zitokazo ng'ambo haiwezi kuagiza blanketi leo na kulipokea kesho. Itagawa tu kilichokwisha kuwamo ghalani na kabatini mwa watu. Nguo ni bidhaa ya uhai, kama nafaka. Na kama ilivyo kwa nafaka, taifa lisilo na uwezo wa kuitengeneza upesi linajiweka rehani.

Somo la wazee

Wako wanaodhani kwamba wepesi wa ugavi ni maarifa mapya yaliyobuniwa na makampuni ya Ulaya. Historia ya Afrika Mashariki inasema vingine. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Unguja na wa miji ya pwani walijua kwamba watu wa bara hawapokei kila kitambaa wanacholetewa. Merikani iliyotoka Marekani, kaniki na vitambaa vya rangi kutoka Uhindini vilipendwa au kukataliwa kwa msimu na kwa mahali, na msafara uliobeba kitambaa kisichotakiwa uliambulia hasara. Habari za mapendeleo ya watu zilirudi pwani pamoja na pembe na wapagazi, na vitambaa vikarekebishwa kabla ya msafara mwingine kuondoka.

Mskoti Joseph Thomson alijifunza jambo hilo kwa taabu mwaka 1883. Alipofika Taveta akielekea nchi ya Wamasai aligundua kwamba shanga alizobeba hazikutungwa kwa namna inayokubalika mbele ya safari, akalazimika kusimama mpaka zitungwe upya. Kadhalika kanga ya pwani, yenye mapambo na misemo inayobadilika kila mara, imedumu kwa zaidi ya karne moja kwa sababu waiuzao wamesikiliza wanawake waivaao. Biashara ya nguo katika nchi hizi, basi, ilikuwa nyepesi hata kabla ya simu. Siri yake ilikuwa moja, nayo ni kumsikiliza mvaaji kwanza na kutengeneza baadaye.

Viwanda vilivyojengwa, na kilichovikwamisha

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa liliamua kwa haki kabisa kwamba pamba yake ivaliwe na watu wake. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Vikawako pia viwanda vya Mwanza, Musoma, Arusha, Morogoro na kwingineko. Watoto wengi walikwenda shule wakiwa na sare zilizofumwa nchini, na akina mama wakajifunga khanga na vitenge vya nchini. Kazi hiyo haiwezi kudharauliwa na mtu mwenye kumbukumbu.

Lakini ni lazima ukweli usemwe pia. Mashine zilitegemea vipuri vya nje, na rangi na dawa za kutia rangi zilitoka nje. Fedha za kigeni zilipoadimika, hasa katika miaka ya mwanzo ya 1980, viwanda vilisimama hata pale pamba ilipojaa maghalani. Aidha, viwanda vilizoea kutoa majora mengi ya namna moja na kuyasukuma madukani, pasipo kuuliza kama mtu wa baridi ya Mbulu anahitaji kitambaa kile kile anachohitaji mtu wa joto la Tanga. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka hiyo ya 1980, mitumba ikaingia kama maji ya mafuriko, na viwanda vingi havikuweza kusimama mbele yake.

Mwaka 1993 na baada yake vilibinafsishwa, vingine vikafufuka na vingine vikageuka maghala. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru katika soko lake, na nchi nyingine zikalegeza msimamo. Rwanda iliyoshikilia azimio ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo zake mwaka 2018. Somo la tukio hilo ni chungu: asiye na kiwanda imara nyumbani hana sauti imara mezani.

Kwa nini mtumba hushinda

Ni rahisi kumlaumu mwananchi anunuaye mtumba. Lawama hiyo haina haki, tena haina faida. Mtumba haushindi kwa bei peke yake, bali pia kwa wepesi. Belo moja hufunguliwa Arusha, na baada ya siku chache nguo zake zinatandazwa chini mnadani Katesh. Mchuuzi huchukua kidogo kidogo, hutazama nini kimenunuliwa na nini kimeachwa, na safari ijayo hubadilisha. Msimu wa baridi ukikaribia huleta masweta na makoti. Shule zikikaribia kufunguliwa huleta viatu na mashati meupe. Humkopesha amjuaye. Hana ghala wala ofisi, lakini anamjua mteja wake kuliko meneja wa kiwanda anavyomjua.

Tena mtumba una hoja ya mazingira inayostahili kusikilizwa. Nguo inayovaliwa na mtu wa pili na wa tatu ni nguo ambayo haikuhitaji pamba mpya wala maji mapya. Tatizo ni kwamba siku hizi belo huja na nguo nyingi zilizoshonwa ovyo kwa nyuzi za plastiki, ambazo hazidumu, hazifai hata kuwa dekio, na mwisho wake ni korongoni au motoni. Nchi zilizozichoka nguo hizo zimepata mahali pa kuzitupa, na kupokea fedha juu yake.

Wepesi si papara

Hapa pana hatari inayopasa kutazamwa kwa macho mawili. Neno wepesi limekuwa wimbo wa biashara ya nguo duniani. Yapo makampuni, na ya Hispania yanatajwa sana, yanayoweza kuchora vazi na kulifikisha dukani kwa majuma machache. Faida yake ya asili ilikuwa njema: kutengeneza kidogo, kutazama soko, kisha kuongeza kile tu kinachotakiwa, ili bidhaa isioze ghalani. Lakini wengi wameiga mwendo bila kuiga kiasi. Wanatengeneza upesi ili watu wachoke upesi na kutupa upesi.

Gharama ya papara hiyo imelipwa na wengine. Tarehe 24 Aprili, 2013, jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lenye viwanda vya kushona nguo za soko la nchi tajiri, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Wafanyakazi walikuwa wameziona nyufa siku moja kabla, lakini wakaamriwa kuingia kazini kwa sababu oda haziwezi kungoja. Katika Asia ya Kati, Bahari ya Aral ilikauka kwa sehemu kubwa kwa kuwa maji ya mito iliyoilisha yalielekezwa kumwagilia mashamba, hasa ya pamba. Hesabu za wataalamu wa maji zinaonyesha kwamba shati moja la pamba, kwa wastani wa dunia, hugharimu lita zipatazo 2,700 za maji tangu shambani. Na zaidi ya nusu ya nyuzi zote za nguo duniani leo ni poliesta, ambayo haiozi, na kila ifuliwapo huacha chembe za plastiki majini.

Wepesi wa kweli ni kutengeneza kinachohitajiwa, kwa kiasi kinachohitajiwa, karibu na anayekihitaji. Papara ni kutengeneza kingi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Wepesi hupunguza taka; papara huzizalisha. Taifa lichague la kwanza na kulikataa la pili.

Fundisho lililo mlangoni

Wananchi wa Hanang hawahitaji kwenda Aral kutafuta mfano. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa msaada mkubwa wa Kanada, mashamba saba ya ngano yalifunguliwa katika nyanda za Basotu chini ya Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO. Hekta zipatazo 40,000 zililimwa kwa matrekta makubwa. Ngano ilipatikana, na miji ikala mkate. Lakini malisho bora ya wafugaji wa Kibarabaig yalichukuliwa, njia zao za kwenda majini zikazibwa, na mmomonyoko ukachimba makorongo katika ardhi iliyokuwa imefunikwa kwa nyasi. Vipuri na utaalamu vilitoka mbali, hivyo msaada ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ukayumba, na baadaye mashamba yakabadilishwa matumizi na wenyewe. Huo ni mnyororo mrefu uliojengwa bila kumwuliza mwenye ardhi, nao ulikatika kwenye pingili iliyokuwa mbali kuliko zote.

Mfano wa pili uko Mbulu, nao unatia moyo. Katika nyanda za juu za Kainam, Wairaqw wamelima vizazi kwa vizazi katika miteremko mikali bila kuimaliza ardhi. Hutumia matuta, samadi ya ng'ombe wanaolishwa nyumbani, na hawaachi kitu kipotee. Hawakufundishwa na mradi wowote. Walijua tu kwamba ardhi ile ni moja, na hakuna nyingine.

Majirani nao wameonyesha kwamba usafi wa ardhi unaweza kuwa bidhaa. Ng'ambo ya Ziwa Eyasi, katika Wilaya ya Meatu, tangu mwaka 1994 wakulima wamekuwa wakilima pamba bila dawa za viwandani na bila mbolea za chumvichumvi, na kupata wanunuzi wa nje wanaolipa nyongeza kwa ajili ya usafi huo. Huku Yaeda Chini, Wahadzabe waliopata hati za kimila za ardhi yao mwaka 2011 wamekuwa wakipokea fedha kwa kuitunza misitu inayohifadhi hewa ya ukaa. Pamba ya Tanzania, kwa jumla, hunyeshewa na mvua na kuchumwa kwa mikono. Haikaushi mto. Sifa hiyo ni mtaji ambao nchi nyingi hazinao, na ni ajabu kwamba mtaji huo huondoka bandarini bila jina.

Yapasayo kufanywa

Wilaya hizi mbili si za pamba, na hakuna haja ya kuzilazimisha ziwe. Baridi yake na udongo wake vinafaa kwa mahindi, ngano, mbaazi na vitunguu saumu. Mkoa wa Manyara umo katika mikoa inayolima pamba, ingawa kidogo, na Meatu iko jirani. Viwanda vya kusokota, kufuma na kushona viko Arusha, safari ya siku moja kutoka Katesh kwa barabara ya lami. Pingili zote za mnyororo mfupi zipo. Kinachokosekana ni oda ya uhakika na mtu wa kuziunganisha.

Oda hiyo ipo. Kila Januari makumi ya maelfu ya wanafunzi wa Mbulu na Hanang huhitaji sare, na hakuna soko linalotabirika kuliko hilo. Lakini mzazi huuza mazao yake baada ya mavuno, katikati ya mwaka, fedha zikaisha, na Januari hukimbilia kitambaa chochote kwa bei yoyote. Halmashauri na kamati za shule zikikubaliana juu ya kitambaa kimoja cha pamba kwa wilaya nzima, na vyama vya ushirika vikapokea malipo ya mzazi kidogo kidogo wakati wa mavuno, kiwanda cha Arusha kitakuwa na oda mkononi miezi mitano kabla. Kitafuma kinachojulikana kitauzwa. Vikundi vya mafundi cherahani wa Dongobesh, Haydom, Basotu na Katesh vitapima na kushona karibu na mvaaji, na vipande vitakavyobaki vitakuwa viraka na mito, si taka.

Mtaji wa cherahani haupasi kuwa kisingizio. Sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, liliundwa kwa ajili ya kazi za namna hii. Mikopo hiyo ielekezwe kwenye kazi yenye mnunuzi aliyekwisha kupatikana, isiishie kununua bidhaa za kuuza tena barazani.

Hospitali, mabweni na ofisi za umma nazo zinunue mashuka na mablanketi ya nchini kwa oda ndogo ndogo za mara kwa mara, na sehemu yake iwekwe katika ghala la maafa la wilaya. Yaliyokaa muda mrefu yatumike na mapya yawekwe, kama inavyofanywa kwa nafaka ya akiba. Mlima hautoi taarifa ya mwezi mmoja.

Ngozi nayo isisahauliwe. Wilaya hizi zina ng'ombe, mbuzi na kondoo wengi, na wanawake wa Kibarabaig na Wairaqw walijulikana kwa sketi za ngozi zilizolainishwa kwa mkono na kutiwa shanga, ambazo zilidumu miaka. Leo ngozi nyingi hutobolewa kwa visu vya machinjioni na kuchomwa chapa mahali pasipofaa, na thamani yake hushuka kabla haijatoka wilayani. Uchunaji mzuri na ukaushaji wa kivulini hauhitaji mashine. Viwanda vya ngozi, kwa upande wao, vizidishe matumizi ya dawa itokanayo na magome ya miwati, ambayo hutengenezwa Njombe, mahali pa kromi inayotia sumu kwenye mito isipotibiwa.

Viwanda visipewe ruhusa ya kuchafua kwa sababu tu vinaitwa vya nyumbani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na Baraza la Taifa la mazingira, NEMC, lina meno. Maji yenye rangi na chumvi yatibiwe kiwandani kabla ya kufikia mfereji. Kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni kinampelekea jirani deni lake.

Ionekane pia tahadhari ya jambo la juzi. Tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na wananchi walitii kwa haraka iliyowashangaza wengi. Lakini mifuko mingi iliyoshika nafasi yake imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki iliyovaa sura ya kitambaa. Nchi ya pamba na mkonge ilikuwa na nafasi ya kutengeneza mifuko ya pamba na mkonge, ikachelewa, kwa sababu viwanda havikuwa tayari siku amri ilipotoka. Amri njema isiyotayarishiwa bidhaa humnufaisha mwagizaji.

Watakuwapo watakaosema kwamba kitambaa cha pamba ya nchini ni ghali. Leo, kwa kipimo cha bei ya siku moja, mara nyingi ni kweli. Lakini sare inayovaliwa na mtoto miaka miwili kisha ikarithiwa na mdogo wake si ghali kuliko ile inayochanika kabla ya muhula wa pili. Na oda zikiwa kubwa na za uhakika, bei hushuka, kwani kiwanda hakitalipia tena ghala la nguo zisizotakiwa. Rahisi, wahenga walisema, ni ghali.

Kazi hii haingoji mkutano wa kimataifa. Mavuno ya mwaka huu yatauzwa, na Januari itafika kwa tarehe yake. Halmashauri za Mbulu na Hanang zikae na kamati za shule, vyama vya ushirika, mafundi na wenye viwanda vya Arusha kabla ya wakulima kupeleka gunia la kwanza sokoni. Zianze na shule chache, zipime, zirekebishe, kisha zipanue. Hapo ndipo pamba ya Mtanzania itakapopanda mlima bila kuvuka bahari.